Uzinduzi wa Ndege ya Makongeni Hadi Minnesota

Mheshimiwa Chifu wa lokesheni yetu, ambaye ameketi kwenye kiti pekee chenye mto. Mheshimiwa Naibu wa Chifu, ambaye alikuwa amekikalia hicho kiti mpaka Chifu akafika. Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma mwakilishi, ambaye naye ametuma salamu. Reverend Nzomo na mama mchungaji. Wazee wa nyumba kumi, pamoja na yule mzee ambaye nyumba zake ni saba. Mwenyekiti wa boda boda upande wa Makongeni na mwenyekiti wa boda boda upande wa Ruiru, ambao tumewaketisha mbalimbali kwa sababu za kiusalama. Mama Ndila, kiongozi wa akina mama wa kanisa na mratibu mkuu wa wasindikizaji. Wanafunzi waliotoka Kahawa Wendani baada ya kusikia kutakuwa na pilau. Mwenye hema, mwenye viti, na mwenye spika ambaye ameniomba nisipige kelele sana kwa sababu moja imeshaanza kukwaruza. Maitu, mama yangu mpendwa, Mama Wakonyo, uliye hapo mbele na begi lako na koti la baridi katika jua hili la Thika. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambayo haijazingatiwa inisamehe, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, endelea na maneno!)

Mimi ninayesimama mbele yenu ni Githinji, Mwenyekiti Mtendaji wa Kamati ya Muda ya Jopo Tangulizi la Kupanga Ndege na Njia za Masafa Marefu la Chania Intercontinental Airways. Cheo hicho nilijitungia mwenyewe, na nilipomaliza kukitunga nilikuwa nimechoka nikalala. Kwa rekodi, na ili asiniumbue mtu baadaye, mimi sijawahi kupanda ndege. (Kicheko.) Nilipanda ile ya kuzunguka kwenye maonyesho ya kilimo, nikatapika juu ya karani wa kaunti. Lakini mabibi na mabwana, muuza maziwa si lazima awe ng'ombe, na uongozi wa shirika la ndege ni suala la maono, na maono ninayo mpaka mke wangu ameanza kuniombea. (Makofi.)

Naomba sasa niwaeleze bila kuzungukazunguka, ingawa mnanijua na mnajua nitazunguka, kwa nini tunahitaji ndege kubwa ya masafa marefu inayotoka hapa kwetu na kutua Minnesota bila kugusa chini popote. Ndugu yangu mdogo Muriithi yuko huko Minnesota, anatunza wazee wa watu ilhali mzee wake yuko hapa, na karatasi zake za kukaa huko bado hazijakamilika, maana yake ni kwamba akitoka leo kuja kutuona hawezi kurudi tena kazini. Muriithi ameoa, na Mungu amempa mtoto wa kike, na kwa desturi yetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo kuna Wakonyo hapa Makongeni na kuna Wakonyo mwingine mdogo kule kwenye theluji. Huyo mdogo ameshaanza kutembea, ameshaanza kuongea, na akipigiwa simu anaweka pua kwenye kioo mpaka hatuoni kitu kingine. Maitu hajawahi kumbeba. Anasema mtu hawezi kwenda kupumzika kama hajabeba jina lake mwenyewe mikononi akalitemea mate ya baraka, na mimi mtoto wake wa kwanza nimesikia hayo maneno asubuhi na jioni mpaka nikaamua, haiya, kama shida ni usafiri, basi tutafanya mambo ya usafiri. (Vigelegele kutoka kwa akina mama.)

(Mama Wakonyo, bila kusimama: "Githinji, ndege inatoka saa ngapi?")

Nakuja huko, Maitu. Nakuja huko. Hiyo iko kwenye presentation.

Katika sayansi ya kupanga njia za ndege, mabibi na mabwana, kuna falsafa mbili. Ya kwanza inaitwa hub, na hub ni kama steji ya matatu: kila mtu, hata kama anaenda mbele tu hapo, lazima ashushwe, azunguke na mzigo wake, aulize watu wasiomjua, halafu apande kitu kingine. Ya pili inaitwa point-to-point, na hiyo ni boda boda: umepanda mlangoni kwako, umeshuka mlangoni kwa mtoto wako, na njiani mmeongea na dereva habari za ukoo. Mashirika makubwa ya dunia yanapenda hub. Kamati yangu ilifanya stakeholder engagement, yaani kusikiliza wadau, ambapo stakeholder alikuwa Maitu na engagement ilikuwa chai, na akatoa msimamo kwamba yeye hashuki katikati, hajui mtu katikati, na akishushwa katikati atakaa chini hapo hapo mpaka mmoja wetu aende kumchukua. Kwa msingi huo wa kitaalamu, kamati ikapitisha point-to-point kwa kauli moja. (Makofi. Mzee mmoja: "Huyo mama ana akili!")

Swali likawa, je, abiria wako? Kwa sababu ndege ya masafa marefu haiwezi kuondoka na mama mmoja na koti lake. Tukamteua mshauri mwelekezi, Daktari Mbuvi, ambaye udaktari wake ni wa mifugo lakini kuhesabu ni kuhesabu, aende kwenye uwanja mkubwa wa ndege kule Nairobi akae mahali pa kuondokea, na kila akiona watu wa Thika au Ruiru awahesabu. Akakaa siku nyingi. Akarudi amesisimka hata chai hakunywa. Akasema, mwenyekiti, watu wetu wanasafiri kama nzige! Kila saa kunaingia basi zima kutoka huku kwetu, watu wamevaa suti, akina mama wana leso mpya, wanaimba, mchungaji anaomba, wanapiga picha, wanalia, wanaingia. Akatoa grafu iliyopanda mpaka ikatoka kwenye karatasi. Tukaidhinisha papo hapo ununuzi wa ndege za aina kubwa kuliko zote, zile zenye njia mbili katikati, kwa sababu kwenye njia moja akina mama wa kanisa wakikutana hakuna atakayepita mpaka wamalize kuulizana habari za nyumbani.

Mama Ndila, usicheke kabla sijafika. (Mama Ndila: "Nimeshafika, nakungoja!")

Kumbe, mabibi na mabwana, Daktari Mbuvi alikuwa amehesabu wasindikizaji. Katika hilo basi zima anayesafiri ni mtu mmoja! Wale wengine wote wameenda kumpungia mkono, kumbebea begi hatua chache, kula mayai ya kuchemsha kwenye maegesho, halafu warudi Thika wakisimulia jinsi uwanja ulivyo mkubwa. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyofanya miaka yote, mtu hasafiri kama mwizi, anasindikizwa. Na mimi, mwenyekiti mtendaji, mtu wa maono, niliitia sahihi hiyo ripoti bila kuitilia shaka, ilhali siku Muriithi alipoondoka mimi mwenyewe nilikuwa pale nimevaa suti ya kuazima, nalia kuliko wanawake, na sikwenda popote. Kama Mbuvi angekuwepo siku hiyo angeniandika abiria.

(Kicheko kirefu. Sauti: "Ngai fafa! Sasa hizo ndege zitabeba nani?")

Swali zuri, na serikali sikivu hujibu. Kamati haikupunguza ndege, kwa sababu kamati ikishapitisha kitu kurudi nyuma ni aibu. Badala yake tumebuni daraja jipya ambalo halipo katika shirika lolote duniani. Kuna daraja la kwanza, kuna daraja la biashara, kuna daraja la kawaida, na sisi tumeongeza daraja la msindikizaji. Msindikizaji ataingia mpaka ndani ya ndege, ataketi karibu na msafiri wake, atafunga mkanda, ataomba, atalia, atakunywa soda, na mlango ukikaribia kufungwa atashushwa kwa heshima. Ndege itakuwa imejaa asilimia mia moja ikiwa imesimama, na takwimu kama hizo hata Wazungu hawajawahi kuzipata. (Makofi, miluzi.)

(Mama Wakonyo: "Githinji. Nimekuuliza saa.")

Maitu, tuko pamoja. Hebu niguse kidogo upande wa miundombinu.

Wataalamu wanatwambia Thika iko juu, hewa yake ni nyepesi na jua lake ni kali, na ndege iliyojaa mafuta ya kufika Amerika ni nzito kama gogo, kwa hivyo inahitaji barabara ndefu sana ya kukimbilia kabla haijaruka. Kamati imepiga hesabu na kuona kwamba ikianza kukimbia hapa Makongeni, ikifika Ruiru itakuwa iko hewani. Wakazi wa Ruiru wametuandikia wakiuliza, na kama haitakuwa hewani? (Kicheko.) Jibu rasmi ni kwamba, isiporuka, Ruiru itahesabiwa kuwa kituo chetu cha kwanza cha kimataifa, na wenye nyumba za kupangisha wapandishe bei. Wafanyakazi wa ndani ya ndege watatoka kwa vijana wetu wa Kahawa Wendani, ambao wameshazoea kulala wanne kwenye chumba cha mmoja na kwa hivyo hawatalalamikia nafasi. Na tumbo la ndege, mahali ambapo mashirika mengine yanabeba simu na dawa, sisi tutabeba nduma, njahi, managu na parachichi, kwa sababu utafiti umeonyesha mtoto wetu aliye ng'ambo analia machozi mawili, moja la mama na moja la chakula.

Kwa jumla, naomba kutangaza kwamba matayarisho yamefikia asilimia tisini. Asilimia kumi iliyobaki ni ndege, uwanja, rubani na kibali. (Kicheko kikubwa.) Mnacheka. Mimi nawapenda watu wa Makongeni, mtu akisema ukweli mnampigia makofi mkidhani ni mchezo.

(Mama Wakonyo amesimama. Mama Ndila anamshika mkono. Mama Wakonyo: "Kwa sababu nimeaga watu. Nimegawa kuku. Muriithi amemwambia mtoto nyanya yake, Shosho, anakuja leo, na mtoto amekataa kulala. Sema saa.")

Maitu, keti. Tafadhali keti, jua ni kali. Mwenye hema, sogeza kivuli. Nani alimwambia Muriithi ni leo? Kadi ya mwaliko ilisema uzinduzi wa safari, haikusema safari. Sawa, niliandika mimi, na najua nilivyoandika. Mnaona mambo ya lugha ya ofisi? Unaandika kitu ili kisieleweke, halafu mama yako anakielewa.

Tupige slogani kidogo, damu itembee. Nikisema Chania, mnasema juu! Chania! (Juu!) Chania! (Juu zaidi!) Makongeni mpaka wapi? (Minnesota!) Tunashuka katikati? (Hatushuki!) Tunashuka katikati, Maitu? (Sauti chache: "Hatushuki.") Ndege ni yetu, mbingu ni ya Mungu, njia ni moja! (Makofi machache.)

Sasa nimalizie kwa shukrani, kwa sababu mtu asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Namshukuru Mheshimiwa Chifu kwa kutupa kiwanja hiki mpaka jioni. Namshukuru mchoraji wa hili bango hapa nyuma yangu, ambaye hakuwahi kuona ndege karibu na ndiyo maana hii yetu ina kioo cha pembeni kama lori. Namshukuru Reverend Nzomo, ambaye alitangaza habari hizi kanisani kabla sijapata nafasi ya kumzuia. Nawashukuru nyinyi nyote mliojiunga na kamati, kwa sababu kamati ilianza ikiwa mimi peke yangu jikoni, na kila mtu aliyejiunga alifanya iwe vigumu zaidi kuivunja. Na kwa namna ya pekee namshukuru yule mama aliyekuwa dirishani kule ubalozini, siku niliyompeleka Maitu kuomba viza. Huyo mama alimtazama Maitu, akauliza maswali kidogo, akasema hapana, kwa Kiingereza. Neno moja, fupi. Na Maitu akanigeukia na uso wake, mnaujua uso wake, akaniuliza, "Amesema nini?" Na mimi nikatafsiri.

Nikasema, Maitu, amesema wewe huna shida yoyote. Shida ni kwamba hakuna ndege inayoenda huko moja kwa moja.

Hivyo ndivyo shirika letu lilivyozaliwa, mabibi na mabwana. Pale pale, kwenye foleni, mbele ya askari. Na alipouliza sasa itakuwaje nikasema tutaleta ndege yetu. Nikadhani atasahau. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na mimi nikaenda kuipangia yangu masafa marefu. Mbuvi alihesabu watu kwa ajili ya ndege ambayo sikuwahi kuiuliza bei. Hakuna ndege, jamani. Haijachelewa kiwandani, haijakwama bandarini, haipo. Ilikuwa mdomoni mwangu tu, na mdomo wangu mnaujua ukubwa wake, mnaweza kuelewa jinsi ilivyoingia. Mama Ndila, mshushe Maitu begi. Nisamehe, Maitu. Mimi ni kijana mjinga mwenye cheo kirefu.

(Spika inakwaruza. Mama Wakonyo anasema, na mwenye spika anampelekea kipaza sauti bila kuambiwa: "Githinji, hiyo 'no' hata mimi naijua. Niliisikia kabla yako.")

Uliisikia?

(Mama Wakonyo: "Niliisikia. Lakini ulivyosema ya ndege, nikasema pengine huyu ataweza. Wewe ni mtoto wangu wa kwanza.")

Ngojeni kidogo. Ngojeni, mabibi na mabwana. Nipeni maji. (Anapewa maji. Hayanywi.)

Maitu, basi acha nipige simu hapa hapa. Nitamwambia Muriithi mimi mwenyewe, mbele ya watu. Nitamwambia mimi ndiye niliyedanganya, amwambie mtoto Shosho haji, alale.

(Mama Wakonyo: "Wacha. Wewe na Muriithi ni watu wazima, mtaongea. Lakini huyo wa jina langu usimwambie haipo. Mwambie imechelewa.")

Imechelewa?

(Mama Wakonyo: "Si ndege huchelewa? Mwambie hivyo.")

(Hakuna anayepiga makofi. Mama Wakonyo anaketi, koti bado liko mwilini. Mwenyekiti anatafuta namba kwenye simu, anaiweka kwenye kipaza sauti. Inalia mara kadhaa. Kisha sauti ya mtoto, karibu sana: "Shosho?")

Habari yako, Wakonyo. Huyu ni Githinji, Mwenyekiti Mtendaji wa Chania Intercontinental. Tunasikitika kukutangazia kwamba ndege ya Shosho imechelewa. Shosho yuko hapa kwetu, amevaa koti. Asante kwa uvumilivu wako.